Sura ya Sita: Njia ya Malgai

Treni za mjini Glasgow zinazoelekea kaskazini-magharibi huishia kwenye mji mdogo ulioandikwa Milngavie. Msomaji wa Kiswahili, ambaye tangu darasa la kwanza amefundishwa kwamba herufi ikiandikwa husomwa, atalikata jina hilo silabi kwa silabi mpaka ulimi umchoke. Mwingereza wa London atajaribu kitu kama MILNgeivi. Wenyeji husema malGAI, basi. Ile n imekwenda, ile v imekwenda, na hakuna anayezitafuta.

Nieleze mapema utaratibu wa sura hii. Matamshi nitayaandika kwa herufi zetu, na silabi yenye mkazo nitaiweka kwa herufi kubwa. Kwa kazi hii herufi zetu zinafaa kuliko za Waingereza, na huko mbele utaona kwa nini.

Malgai haijajificha milimani. Hapo ndipo inapoanzia West Highland Way, njia ya miguu ya kilomita 154 iliyofunguliwa 1980 na kuishia Fort William, na kila kiangazi wapandaji wa kila taifa hushuka stesheni hiyo na mabegi mgongoni. Hapo pia ndipo yanapopokelewa maji ya Loch Katrine, mradi uliofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1859 kuinywesha Glasgow. Mji umezungukwa na wageni miaka yote hiyo, lakini haujabadilisha tahajia ili iwafae, wala haujabadilisha matamshi.

Katika sura iliyotangulia tulikuwa Wales, ambako majina humtisha mgeni kwa urefu lakini tahajia yake ni ya kuaminika: ukishazijua kanuni, husomi kwa kubahatisha. Uskoti hakuna kanuni moja ya kukuvusha. Lugha nyingi zimeishi hapo, moja juu ya nyingine. Kusini walikuwapo watu waliosema lugha ya ukoo mmoja na Kiwelisi. Kutoka upande wa Ireland kikaja Kigaeli, kikaenea karibu nchi nzima. Waviking wakashika visiwa vya kaskazini na magharibi. Kusini-mashariki wakaingia Waangli, na katika lugha yao kikazaliwa Kiskoti, ndugu wa damu wa Kiingereza. Kila waliokuja waliyakuta majina, wakayatamka kadiri ya vinywa vyao.

Kisha wakaja makarani. Hati za ardhi ziliandikwa kwa Kilatini, baadaye kwa Kiskoti, na mara nyingi aliyeshika kalamu hakuijua lugha ya jina aliloandika. Mkulima alisema kwa Kigaeli, sikio la Kiskoti likasikia, mkono uliosomea Kilatini ukaandika. Hati mbili za shamba lile lile zinaweza kuwa na tahajia mbili. Ilipofika zama za chapa na ramani, tahajia moja ikachaguliwa na nyingine zikaachwa, na iliyochaguliwa haikuwa lazima iwe ndiyo iliyokaribia matamshi.

Katika visa vyote vya namna hii, ninachokipenda zaidi ni kisa cha z.

Kuna jina la ukoo wa milimani liitwalo Menzies. Kwao ni MING'is, kwa ng' yetu ile ile ya ng'ombe. Mwanasiasa Menzies Campbell, aliyekiongoza chama cha Liberal Democrats kuanzia 2006 hadi 2007, Uingereza nzima ilimjua kwa jina la Ming. Hiyo z ya katikati imetoka wapi?

Zamani Waskoti walikuwa na herufi moja iliyoitwa yogh. Umbo lake lilikuwa kama tarakimu 3 iliyoning'inia chini ya mstari. Ilibeba sauti ya y, na ikikaa baada ya n au l ilitoa zile sauti ambazo sisi tungeziandika ny na ly. Mwaka 1508 Walter Chepman na Androw Myllar walichapa Edinburgh vitabu vya kwanza kuchapwa Uskoti. Ufundi huo ulitoka ng'ambo, Ufaransa, na herufi za risasi zilizotoka huko hazikuwa na yogh, kwa kuwa Mfaransa hakuwa na haja nayo. Wachapaji wa Uskoti wakafanya kile ambacho fundi yeyote aliyepungukiwa na kifaa hufanya: wakachukua kilichofanana. Z yenye mkia ilifanana na yogh kwa sura, ikawekwa mahali pake.

Wasomaji wa wakati ule haikuwasumbua. Jina walikuwa nalo kinywani tayari, karatasi iliwakumbusha tu. Waliokuja kupata taabu ni wajukuu, yogh ilipokwisha kusahaulika na z ikabaki ikiwakodolea macho.

Ukishaijua siri hii, majina mengi hufunguka kwa mkupuo. Finzean, huko Aberdeenshire, ni FING'in: ny ya kale imerudi nyuma kooni ikawa ng'. Culzean, kasri lililojengwa juu ya mwamba wa pwani ya Ayrshire, ni kaLEIN, na z haisikiki popote, kwa sababu ile ly imelainika ikabaki l peke yake. Visiwa vya Shetland viliandikwa Zetland kwa sababu hiyo hiyo, na halmashauri yao iliitwa Zetland mpaka mageuzi ya serikali za mitaa ya 1975. Msimbo wa posta wa Shetland hadi leo huanza na ZE. Kila barua iendayo huko hubeba ile z ya kuazima.

Lakini tusimpe mwenyeji ushindi wa bure. Lenzie, kitongoji cha reli kaskazini-mashariki mwa Glasgow, kilikuwa na yogh hiyo hiyo, na leo wakazi wake wenyewe husema LENzi, z wazi kabisa. Mackenzie nalo lilitamkwa kwa y. Siku hizi ukilisema hivyo hata Inverness watadhani unatania. Robert Menzies, waziri mkuu wa Australia aliyetawala kwa vipindi viwili kati ya 1939 na 1966, alitamka jina lake kwa z, ingawa lakabu yake nayo ilikuwa Ming. Ninavyoona mimi, jina likisafiri pamoja na wazee wake, ulimi hushinda. Likisafiri kwenye karatasi peke yake, au likivamiwa na wakazi wapya wengi kwa mara moja kama vitongoji vya reli vilivyovamiwa, karatasi ndiyo hushika usukani.

Kisa cha Falkirk ni cha ajabu zaidi, kwa sababu huko herufi ilizua sauti ambayo haikuwapo. Jina la kale ni Fawkirk, kanisa la madoadoa, na Kigaeli hadi leo husema hivyo hivyo, An Eaglais Bhreac. Katika Kiskoti cha karne ya 15, l iliyofuata a ilikuwa imeanza kuyeyuka: maneno yaliyoandikwa kwa al yakasemwa kwa aw. Makarani wakazoea kwamba pakisikika aw, kuna l iliyofichwa, na hati njema huirudisha. Walipofika kwenye Fawkirk wakairudisha l ambayo haikuwahi kuwapo. Leo watangazaji, walimu na stesheni ya reli wote huitamka l hiyo. Ni wachache, wasemaji wa Kiskoti hasa, waliobaki na FOkirk.

Mji wa Kirkcaldy, alikozaliwa mwanauchumi Adam Smith mwaka 1723, umekwenda upande wa pili. Huko l iliyeyuka kweli, na haikurudi. Jina ni karKODi.

Baada ya hapo kuna yale majina ambayo hayakutendwa na karani wala mchapaji, yamesagwa tu na meno ya kila siku. Kirkcudbright ni kanisa la Mtakatifu Cuthbert, na mwenyeji wa kusini-magharibi husema karKUbri. Mgeni akimuuliza dereva wa basi kwa kulisoma lilivyoandikwa, kwa kawaida hasahihishwi. Dereva atamjibu, "Karkubri? Panda, rafiki," na somo limekwisha. Strathaven ni STREIvan. Hawick, mji wa vitambaa vya sufu karibu na mpaka wa Uingereza, ni HOik. Wemyss ni Wiimz. Glamis, lenye kasri alimozaliwa Binti Mfalme Margaret mwaka 1930, ni Glaamz, silabi moja tu. Avoch, kijiji cha wavuvi upande wa Inverness, ni Okh, na kati ya herufi tano hapo zilizobaki kazini hazifiki hata nne.

Jina lililosagwa hivi huwa na daraja. Pwani ya Fife kuna mji wa wavuvi uitwao Anstruther. Kwa mgeni, benki na mwalimu, watu wanaweza kulisema jina zima. Wazee wakiwa wenyewe kwa wenyewe ni EINstar. Jirani yake yupo Kilconquhar, ambaye kwa wakale ni kiNAkhar. Auchinleck, huko Ayrshire, kilikuwa kiti cha familia ya James Boswell, mwandishi wa karne ya 18, na enzi hizo kilitamkwa AFlek. Sasa wakazi wengi husema okhinLEK, karibu kabisa na maandishi. Kwa hiyo swali la "wenyeji husemaje?" halina jibu moja. Wenyeji gani, wa umri gani, wakiongea na nani?

Wengine hata jina lenyewe huliacha. Fraserburgh kwa watu wa kaskazini-mashariki ni Broch tu, na Aberchirder ni Foggie. Huko hakuna matamshi ya kujifunza. Kuna jina la pili ambalo ramani haikuambiwa.

Edinburgh nayo, pamoja na usomi wake, ina mitego. Mtaa wa Sciennes uko kusini ya bustani kubwa ya Meadows. Mwanzoni mwa karne ya 16 watawa wa Mtakatifu Catherine wa Siena walijengewa nyumba pale, na jina la mji huo wa Italia likabaki ardhini baada ya watawa kuondoka. Lilipita kwenye Kifaransa, likapita kwenye Kiskoti, na leo ni Shiinz, kama vile s, c na i za mwanzo zimekubaliana kuwa sh. Kwenye mtaa huo, majira ya baridi ya 1786 na 1787, Walter Scott akiwa kijana wa miaka 15 alikutana na mshairi Robert Burns nyumbani kwa profesa Adam Ferguson. Ni mkutano unaotajwa katika vitabu vingi, na wasomaji wengi wa vitabu hivyo wamelitamka jina la mtaa vibaya vichwani mwao.

Milimani mambo ni tofauti, na hapa lazima nikitetee Kigaeli. Wageni hukilaumu kwa herufi nyingi zisizosemwa, ilhali tahajia yake ina utaratibu kuliko ya Kiingereza. Konsonanti ikifuatwa na h hulainika: bh na mh huwa v. Beinn Mhòr, mlima mkubwa, ni bein VOR. Na kwa nini mòr igeuke kuwa mhòr? Kwa sababu beinn ni la jinsia ya kike, na kivumishi hubadilika mwanzoni kufuata jina. Msemaji wa Kiingereza huona hilo ni uchawi. Anayesema mlima mkubwa na kilima kikubwa hataona ajabu yoyote.

Kingussie ni mfano mzuri. Kwa Kigaeli ni Ceann a' Ghiuthsaich, mwanzo wa msitu wa misonobari, na gh ikitangulia i hutamkwa y. Mtu wa huko anasema king'YUsi. Tahajia ya Kigaeli inaionyesha wazi y hiyo. Tahajia ya kwenye ramani imeifuta, ikaacha jina linalomfanya mgeni amtafute mfalme ambaye hayumo.

Ramani hizo zilitengenezwa na Ordnance Survey, idara iliyoanzia jeshini, ambayo katikati ya karne ya 19 ilianza kuipima Uskoti wilaya kwa wilaya. Askari wahandisi walitembea na vitabu vyenye safu. Safu moja ni ya jina, ya pili ni ya namna mbalimbali za kuliandika, ya tatu ni ya watu walioulizwa, nyingine ni ya mahali lilipo na maelezo. Vitabu hivyo vipo hadi leo, vinasomeka mtandaoni, na safu ya watu walioulizwa ndiyo inayosema mengi. Kwanza huja mwenye ardhi au msimamizi wake, kisha mchungaji wa kanisa, mwalimu, mpangaji wa shamba kubwa. Aliyepanda mlima ule kila siku nyuma ya kondoo hana uzito kama wao. Huko nyanda za juu mwenye ardhi mara nyingi hakusema Kigaeli, na askari aliyeandika pia hakukisema. Nchi yenye majina ya watu wengine iliandikishwa na wawili waliokuwa wakielewana kwa Kiingereza.

Hata hivyo ramani ilishika. Mwaka 1891 Sir Hugh Munro alichapisha orodha yake ya milima inayozidi futi 3,000, na leo watu huikamilisha yote 282 kama ibada. Wanaikanyaga milima yenye majina ambayo hawawezi kuyatamka, na wengi wao huitaja kwa vifupisho walivyojitungia wenyewe. Mwaka 1932 BBC nayo ilitoa kijitabu cha kuwaelekeza watangazaji wake kuhusu majina ya Uskoti, ushahidi kwamba aibu ilikwishaingia hewani.

Sasa turudi kwenye vinywa vyetu. Mtu wa Zanzibar au Lamu anayesema kheri, Khamisi na sheikh tayari anayo ile sauti ya mwisho ya loch, ambayo Waingereza wengi huwashinda wakaishia lok. Mpe jina la Auchtermuchty na atalitoa okhtaMUKHti bila jasho. Wa bara anayesema heri na Hamisi atalazimika kufanya mazoezi kidogo. Kigaeli kina pia gh nzito kama ya ghali na lugha, sauti ambayo Kiingereza hakina kabisa: Nyanda za Juu zenyewe huitwa a' Ghàidhealtachd, na neno hilo linaanzia pale pale kooni tunapoanzia ghafla.

Hata mpangilio wa maneno unatufaa. Kigaeli, kama Kiswahili, hutanguliza kitu kisha mwenyewe. Inver ni mlango wa mto, kwa hiyo Inverness ni mlango wa Ness, na mkazo huangukia kwa mwenyewe, mwishoni: invaNES. Ndivyo zilivyo abaDIN, danDII na danBAR. Majina ya Kiangli hugeuza: Edinburgh, HOik na FOLkirk hubeba mkazo mwanzoni. Mkazo pekee unaweza kukunong'oneza lugha iliyolizaa jina, ingawa Strathaven, ya Kigaeli kwa mpangilio na STREIvan kwa mkazo, ipo kukukumbusha usijiamini mno.

Hapo ndipo tabia yetu ya kuongeza irabu mwishoni inapotuokoa pasipo kutarajia. Mswahili akisema Invanesi au Abadini, mkazo wake wa silabi ya pili kutoka mwisho unatua hasa pale mwenyeji anapoutaka. Akisema Edinbaga, umetua pasipo. Wenyeji husema EDinbra, na ile "baga" ya mwisho huwakera kuliko wanavyoonyesha.

Waskoti nao wamewahi kuandikwa na wenyeji wa kwingine. Mwaka 1898 misheni yao iliyokuwa imeanzia Kibwezi ilihamia nchi ya Wakikuyu, karibu na Nairobi ya leo. Wakikuyu wakapaita mahali hapo kwa jina la wageni wenyewe, Scot. Kikikuyu hakina s, kwa hiyo ikawa th. Hakikubali konsonanti mbili kubanana, kwa hiyo irabu ikaingia kati. K ikitangulia silabi yenye t au k hulegea ikawa g, kanuni ile ile inayofanya Gĩkũyũ waianze kwa g. Pakawa Thogoto, na ndivyo panavyoitwa mpaka sasa, palipo na hospitali na makanisa ya Wapresbiteri.

Msomaji wa Dar es Salaam akikutana na jina hilo kwenye ramani, ataitamka th yake kama ya thelathini, na g kama ya gari. Kumbe th ya Kikikuyu ni dh yetu ya dhahabu, na g yake ni gh. Anayetaka kuelekezwa matatu kwa usahihi aulizie DhoGHOto.